Chungu cha Nyuma ya Jiko

Makambako, 21 Aprili 2024

Mdogo wangu Elina,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu. Naogopa sindano. Huu ni mwaka wa nne najichoma asubuhi na jioni, na Sista Fidelia huwaambia watu kliniki, "Mtazameni Idda, yeye ameshazoea." Sijazoea. Kila mara nafumba macho, nasema jina langu lote, Idda Aloyce Mgaya, kama naitwa kwenye majina ya darasa, halafu ndipo nachoma. Nimekuambia wewe kwa sababu jana nilikuona.

Ulikuwa umekaa na baba yako karibu na mlango, kwenye lile kundi la Jumamosi la watu wenye kisukari kule Njombe. Ulikuwa umevuta kofia mpaka kwenye macho ili tusione unalia. Nilitaka kuja kukusalimia, nikatoka nje nikajifanya natafuta choo. Sista akanifuata. Akasema, "Kama mdomo hauwezi, basi andika. Mwenzako ana miaka kumi na miwili na anadhani yuko peke yake duniani." Ndiyo maana naandika. Mimi nina kumi na saba, nasoma kidato cha nne, nakaa bweni. Simu haturuhusiwi.

Sista ameniomba pia nikueleze kwa maneno mepesi jinsi ya kutunza insulini, kwa sababu kwenu ni mbali na hamna friji. Insulini haipendi joto. Mwambie baba atafute chungu cha udongo, atie maji, kichupa akifunge vizuri ndani ya mfuko wa nailoni na kukiweka humo. Chungu kikae nje, kivulini, panapopita upepo. Kadiri panavyokuwa na baridi ndivyo dawa inavyokaa salama. Hivyo ndivyo karatasi ya kliniki inavyosema. Mimi hapa bwenini sina chungu, naiviringisha tu ndani ya sweta kwenye tranka. Wewe usiige uvivu wangu.

Ukijibu, mpe Denis, konda wa basi linalokuja huku. Anamfahamu mlinzi wetu.

Dada yako,
Idda


Kijijini, 5 Mei 2024

Dada Idda,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, baba ameisoma mara mbili. Amesema Mbena akikuandikia barua ndefu hivi bila kuomba kitu, huyo ni mtu mwema. Usikasirike, sisi Wakinga ndivyo tunavyowatania.

Mimi sisemi jina langu. Nasema jina la mwalimu wa hesabu, ili nikichoma niwe namchoma yeye. Inasaidia sana, jaribu.

Chungu tumepata. Ni cha marehemu bibi, cha kupikia pombe zamani. Baba amekiweka nyuma ya jiko, amekifunika kwa ubao na jiwe juu ili mbuzi wasiingize pua. Jioni anakagua chungu kwanza ndipo anakagua ng'ombe. Ng'ombe wamekasirika.

Jambo gumu ni viazi. Hapa tunaishi kwa viazi. Tunalima viazi, tunakula viazi, hata kuku wanakula viazi. Sasa mimi napimiwa kwenye sahani kama mbolea shambani. Lakini nafanya. Jana sukari ilikuwa saba asubuhi, baba akaniita jina langu la utotoni, hajaniita hivyo tangu mama alipofariki.

Ni mimi mdogo wako,
Elina Sanga


Njombe, 18 Mei 2024

Mpendwa Idda,

Hujambo na masomo? Elina amekuja leo na baba yake. Amenenepa kidogo, na alicheka. Alipofika mbele ya wenzake alieleza habari za mwalimu wa hesabu, watu wazima wakashika mbavu.

Barua yako ile ya chungu, aliyonionyesha Elina, ni nzuri kuliko karatasi yetu. Karatasi ina maneno ya kidaktari, ya kwako mtu anasoma na kwenda kufanya. Nimetoa nakala za kile kipande cha kutunza dawa, nimewagawia wote wanaoishi huko juu kuelekea Kitulo. Ni familia sita. Nimeandika chini jina lako, ili wajue ni mwenzao.

Juni nakwenda mafunzoni Dodoma, nitarudi katikati ya Julai wiki ya pili hivi. Kliniki ya Jumamosi haitakuwepo. Nimewapa dawa ya kutosha mpaka nitakaporudi.

Soma, lakini na chakula ule kwa wakati.

Sista Fidelia Mtewele


Kijijini, 16 Juni 2024

Kwa Mwalimu Idda,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi ni Yonathani Sanga, baba wa Elina. Nakuita mwalimu, usikatae, maana umetufundisha.

Tunaendelea, ila nina shida. Sukari ya Elina ilikuwa inakwenda vizuri Mei yote. Tangu juma la kwanza la mwezi huu inapanda. Kumi na tisa, ishirini na tatu, ishirini na sita. Namchoma kipimo kilekile, saa ileile. Anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mnadani na usiku haachi kutoka nje. Amekonda.

Usiwe na wasiwasi kuhusu dawa, hilo tunalitimiza kama ulivyoagiza. Na Mungu ametusaidia, mwezi huu baridi ni kali. Asubuhi majani yote ni meupe, na juu ya maji ya chungu nakuta barafu kama kioo. Naivunja kwa kisu ndipo natoa kichupa. Friji za Njombe hazitushindi.

Kwa hiyo nimebaki na wazo moja tu. Mtoto anakula kwa siri. Juzi nimekuta maganda ya kiazi cha kuchoma kwenye majivu. Nikamwuliza, akasema ni ya mtoto wa jirani. Mimi sijawahi kumpiga Elina na sitaki kuanza. Nisaidie, mwalimu, nifanye nini na mtoto anayedanganya?

Yonathani Sanga


Makambako, 23 Juni 2024

Baba Yonathani,

Shikamoo baba. Nimepata barua yako. Shule imefungwa lakini sisi kidato cha nne tumebaki kujiandaa na mtihani wa majaribio, kwa hiyo nisamehe nikiandika kwa haraka.

Kwanza hongera sana kwa kutunza dawa. Laiti wote wangekuwa kama wewe.

Kuhusu sukari, nakuambia ninachokijua mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naiba maandazi ya mama na kuapa kwa Mungu kuwa sijagusa. Nililia machozi ya kweli kabisa. Sisi wote tunapitia hapo. Usimpige, baba. Ila funga ghala, na ufunguo ukae nao wewe. Akiona hapati nafasi ataacha, na namba zitashuka. Akianza kutapika, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Ndani ya bahasha kuna barua ya Elina. Tafadhali mpe bila kuifungua.

Mwanao,
Idda


Makambako, 23 Juni 2024

Elina,

Baba ameniandikia. Siandiki kukugombeza, lakini sitakudanganya kama wengine wanavyokubembeleza. Kile kimashine cha kupimia sukari hakina sababu ya kukuonea. Kikisema ishirini na sita, kuna kitu umekula. Unaweza kumdanganya baba na unaweza kunidanganya mimi, damu yako huidanganyi.

Najua njaa hiyo. Najua kuwaona watoto wengine wakila kiazi cha moto na chumvi. Lakini baba yako anabeba chungu kama anabeba mtoto mchanga, na wewe unamrudishia hivi? Mwambie ukweli leo, kabla hujalala. Utaona mzigo utakavyokuwa mwepesi.

Idda


Kijijini, 2 Julai 2024

Dada Idda,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaitupa jikoni.

Sijala, dada. Nimeapa kwa baba, nimeapa kwa kaburi la mama. Ghala limefungwa na hata ufunguo siujui uliko, na namba bado iko juu. Jumapili kimashine hakikutoa namba kabisa, kiliandika herufi tu. Baba akasema, "Unaona? Hata mashine imechoka na uongo wako."

Nikamwambia baba, basi ninuse mdomo. Akaninusa. Akakasirika zaidi, akatoka nje. Sijui alisikia harufu ya nini, mimi sikuwa nimekula hata ugali.

Jana nimetapika nyuma ya banda. Nimefukia kwa udongo. Baba akijua atasema nimeshiba vya wizi. Wewe uliandika kutapika ni hospitali, lakini nikienda hospitali nao wataniuliza nimekula nini, na nikisema sijala nani ataniamini? Wewe ndiye niliyefikiri ungeniamini.

Miguu inauma. Naandika nimelala. Nakutumia barua hii umwonyeshe Sista akirudi, yeye atajua.

Elina


Njombe, 11 Julai 2024

Idda mwanangu,

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Elina amefariki. Ilikuwa Jumamosi tarehe sita. Baba yake alimkuta asubuhi hajitambui, anahema kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima. Walimbeba kwa machela mpaka barabarani, wakapata gari la viazi. Alikata roho kabla hawajafika hospitali. Nilipigiwa simu Dodoma, nikaacha mafunzo nikawahi maziko.

Watu walikuwa wengi. Iliposomwa historia ya marehemu, ilielezwa kuzaliwa kwake, ubatizo, shule, kisha ugonjwa. Msomaji, baba yake mdogo, akasema, "Marehemu alishindwa kufuata masharti ya chakula, na hilo ndilo lililomwondoa." Wazazi wengine waliwageukia watoto wao kuwatazama, kama kuwaambia mmesikia. Yonathani alikuwa ameinamisha kichwa. Hakulia. Aliniambia baadaye, "Sista, nimemzika mwizi wa viazi."

Lala mapema. Usijilaumu. Wewe ulifanya zaidi ya uwezo wa umri wako.

Sista Fidelia


Makambako, 15 Julai 2024

Sista Fidelia,

Shikamoo. Barua yako ilifika Ijumaa. Ya Elina ilifika Jumamosi. Denis alikuwa anaumwa, ilikaa kwenye basi. Nimeiambatanisha, uisome.

Sista, Elina hakula.

Nimekaa na barua zote kitandani, nikasoma ile ya baba yake tena. Anasema barafu juu ya maji. Anavunja kwa kisu. Mimi nilisoma hivyo tarehe ishirini na tatu Juni na nikajibu hongera. Jana nilichukua kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi la insulini, chenye maandishi madogo ya Kiingereza. Nimekitupa kila mara kwa miaka minne. Mimi ambaye wenzangu wananicheka kwamba nasoma hata gazeti lililofungiwa nyama, hicho sijawahi kukisoma. Kimeandika kwamba isigande. Kwamba ikishaganda haifanyi kazi tena, hata ikiyeyuka, itupwe.

Alikuwa anachomwa maji, Sista. Asubuhi na jioni, mwezi mzima. Na kila alivyozidi kuugua ndivyo tulivyozidi kumwita mwongo.

Niambie kama nimekosea. Naomba sana uniambie nimekosea.

Idda


Njombe, 22 Julai 2024

Idda,

Hujakosea. Vile vichupa vilivyobaki nilivichukua msibani kama kawaida, nikaviweka kwenye kabati bila kuvitazama. Baada ya barua yako nimeviinua kwenye mwanga. Ndani mna chembechembe nyeupe, kama maziwa yaliyokatika.

Kosa si lako. Ile karatasi ya chungu tuliletewa na wataalamu wa semina, imeandikwa kwa ajili ya mikoa ya joto, Dodoma, Tabora, Pwani. Mimi mwenyewe nimezaliwa hapa, nimekanyaga umande ulioganda nikiwa peku kwenda shule, na nimeigawa karatasi hiyo miaka mitano bila kufikiri. Najua nilivyoandika jina lako chini ya nakala zile. Nililiandika kwa kukusifu.

Nimewapigia simu waliobaki huko juu. Wanne nimewapata, wameingiza dawa ndani, na dawa mpya nimeshawatumia. Wa tano, Mzee Stanley, hapatikani, simu yake imezimwa tangu auze ng'ombe, anawakwepa wakopaji. Nimempa ujumbe mtendaji wa kijiji chao, sijui kama umefika.

Sasa kuhusu Yonathani. Nakuomba, na nakuomba kama mzazi, usimwambie. Kile chungu alikiweka kwa mikono yake. Sasa hivi ana hasira na mtoto, na hasira inaweza kumbeba mtu. Ukimwondolea hasira atabaki na nini? Utakuwa umemzika na yeye. Elina hatarudi. Nitarekebisha karatasi kimyakimya, kliniki ya Agosti nitawafundisha upya wote, na hakuna mwingine atakayepotea. Tuache hapo.

Sista Fidelia


Makambako, 30 Julai 2024

Sista Fidelia,

Shikamoo. Nakuandikia kukueleza nilichofanya, kwa sababu sikukuomba ruhusa.

Ijumaa nilimwambia mwalimu wa zamu kwamba nakwenda kuhani msiba. Nililala Njombe kwa shangazi Flora na Jumamosi nikapanda basi la Denis. Sikupita kliniki. Niliogopa ungenizuia na ningekubali.

Baba Yonathani alikuwa uani anapanga viazi vya mbegu. Aliponiona alisimama, akasema, "Mwalimu, karibu. Wewe si ungeandika tu?" Nilikuwa nimeandika. Barua ilikuwa mfukoni na nilitaka nimpe akasome nami nikiwa njiani kurudi. Lakini alileta kigoda, akakifuta kwa mkono, nikashindwa kumpa karatasi.

Nikasema, "Baba, Elina hakula."

Akasema, "Usinifariji. Nilimnusa mwenyewe. Mdomo ulinuka matunda mabivu. Nikajiuliza na baridi hii ametoa wapi matunda, nikajua anapewa na watu."

Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo harufu ya mtu ambaye sukari imempanda na dawa haipo mwilini. Mtu anaweza asile siku mbili na akanuka hivyo. Nikamweleza kuhusu barafu. Nilieleza vibaya, nikarudia, nikalia, nikaeleza tena. Yeye alikuwa ameshika kiazi kimoja muda wote huo, hakukiweka chini.

"Kwa hiyo dawa niliiua mimi."

"Niliyekuambia uiweke nje ni mimi, baba. Na ulipoandika kuna barafu nikakusifu. Na ghala nilikuambia ufunge mimi."

Alikigeuzageuza kile kiazi mpaka kuku wakaanza kupanda darini. Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama hakuwa amesikia, "Kwa hiyo hakula?"

"Hakula."

"Hata kile kiazi cha majivuni?"

"Hata hicho."

Ndipo akalia, Sista. Alilia namna ambayo majirani walikuja. Ulisema atabaki na nini. Sijui. Nilimwona akilia na nikafikiri uliyosema yalikuwa kweli. Lakini alipotulia, jambo la kwanza alilosema ni hili: "Walimsoma vibaya. Pale kaburini, mbele ya watoto wenzake, walimsoma vibaya." Akaniambia niandike historia nyingine usiku huohuo, na kesho yake niisome kanisani.

Nikasema siwezi kusimama mbele ya watu. Akasema, "Mimi ndiyo naweza?"

Jumapili baada ya matangazo mchungaji alituita. Baba Yonathani alisimama kulia kwangu. Akaishika karatasi upande mmoja, mimi upande mwingine. Nilisoma kwamba Elina Sanga alizaliwa tarehe fulani, akabatizwa, akafika darasa la sita. Nilisoma kwamba alifuata masharti yote ya chakula aliyopewa. Nilisoma kwamba alifariki kwa sababu dawa yake iliganda, na kwamba iliganda kwa sababu ya maelekezo mabaya, na kwamba alisema kweli kwa baba yake na kwa rafiki yake na hawakumwamini. Sauti yangu haikufika nyuma. Mzee mmoja akasema, "Hatusikii, mwanangu." Nikasoma tena yote tangu mwanzo, kwa nguvu.

Hakuna aliyenitukana. Baba yake mdogo alitoka nje kabla sijamaliza.

Baada ya ibada niliuliza njia ya kwa Mzee Stanley. Baba Yonathani akasema ni mwendo, tutakwenda wote. Tulipanda mlima. Huko juu jua lilikuwa limetoka lakini kivulini nyasi zilikuwa bado nyeupe. Tulimkuta mzee amekaa mlangoni amejifunika mablanketi mawili, midomo imekauka, mkewe anasema amekuwa hivyo juma zima. Mtendaji hakuwa amefika. Chungu kilikuwa nyuma ya nyumba, kimefunikwa vizuri.

Nilitoa kichupa, nikakiinua kwenye jua, kilikuwa na chembe nyeupe. Nikakimwaga. Nikampima, kimashine kikaandika herufi badala ya namba, maana yake sukari imepita kipimo chake. Nilikuwa nimebeba kichupa changu cha akiba kifuani, ndani ya sweta. Nilimchoma kipimo chake, tukamnywesha maji, na Baba Yonathani akateremka kutafuta pikipiki. Wamempeleka hospitali jioni ileile. Asubuhi nilipoondoka walisema ameanza kuongea. Zaidi ya hapo sijui, utapata habari kabla yangu.

Kabla pikipiki haijafika, mkewe alikuwa anazunguka uani na kile chungu mkononi, hajui akiweke wapi. Nikamwambia dawa mpya ikae ndani, karibu na kitanda, kwenye nguo. Akanitazama kwa hasira. Akasema, "Lakini tulipewa karatasi. Imeandikwa nje, kwenye baridi. Mzee ameisoma mwenyewe. Nani huyo aliyeandika tuweke nje?"

Nikamwambia ni mimi.

Idda